Mama Theluthi na Jiko la Meli

Mke wangu hupiga mbizi kwenye meli iliyozama, mita hamsini na nne chini ya maji, na mwoga wa nyumba yetu ni mimi. Nalisema hilo mapema ili usije ukanidhania shujaa. Mimi ni nahodha wa mashua inayompeleka. Kazi yangu ni kukaa juu juani, kunywa chai ya chupa na kuangalia saa. Watu husema nimepata kazi ya mteremko. Waje siku moja wakae pale wake zao wakiwa chini, wahesabu dakika, halafu tuongee vizuri.

Bandarini wanamwita Mama Theluthi. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Watu wanaoingia ndani ya meli zilizozama wana sheria moja kubwa: hewa iliyomo kwenye mitungi yako unaigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza la kwendea, la pili la kurudia, la tatu huligusi, hilo ni la balaa. Sindano ya geji, kile kipimo cha hewa, ikionyesha kwamba fungu la kwanza limekwisha, unageuka hapo hapo, hata kama dhahabu iko mbele ya pua yako. Na katika wawili mnaokwenda pamoja, fungu la yeyote likiisha kwanza, mnageuka wote. Wapiga mbizi wengine huivua sheria hii pamoja na nguo zao za mpira, wakaiacha kwenye kamba ikauke. Mke wangu anakuja nayo nyumbani.

Simu yake ikipungua chaji theluthi moja, anarudi nyumbani hata kama hajafika sokoni. Kwenye harusi ya binamu yake tuliondoka kabla ya keki, kwa sababu, alisema, fungu lake la kwanza la uvumilivu limekwisha na la pili analihitaji kwa kuagana na mashangazi. Nilinuna, lakini kusema kweli kuagana kulichukua saa nzima, na lile la tatu nalo lilitumika kwa shangazi mmoja tu. Umeme ukikatika anakwenda chooni na tochi tatu: moja mkononi, moja mfukoni, moja shingoni. Siku moja nikamwambia, "Mama watoto, unakwenda chooni, huendi vitani."

"Na wewe ukienda na moja ikazima," akanijibu, "utapiga kelele nikuletee nyingine. Nitakuja na ipi?"

Ilishanitokea.

Hata nilipomtaka tuoane ilikuwa hivyo hivyo. Nilipiga moyo konde, nikamtolea maneno yangu yote niliyoyafanyia mazoezi wiki mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na nikikataa, mpango wako wa pili ni upi?" Nikasema sina. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mtu asiye na mpango wa pili hafai kuachwa peke yake," akasema, na akanikubali.

Stoo yake iko nyuma ya nyumba, chumba kimoja chenye mlango wa bati na dirisha dogo. Ndani kuna kompresa ya kujazia hewa, inayonguruma mpaka vijiko vinatetemeka jikoni kwangu, na mitungi imesimama ukutani kwa mstari, imefungwa mnyororo isianguke. Kila mtungi una utepe mweupe, na juu ya utepe pameandikwa kina ambacho hewa hiyo haifai kupumuliwa chini yake, tarehe na jina la mwenye kuutumia. Hewa ya mtungi wako hupimiwi na mtu mwingine. Upime mwenyewe, uandike mwenyewe. Mtu na mkewe walikuja siku moja kushuka naye, mume akapima wake na wa mke kumwondolea mwenzake usumbufu. Mke wangu akaubandua ule utepe wa pili, akautupa. "Mapenzi yaishie mlangoni," akamwambia. "Humu ndani kila mtu na pumzi yake."

Huko chini, ndugu yangu, hewa ya kawaida inalewesha. Si mzaha. Ukifika mita thelathini kichwa kinaanza kuchangamka, ukifika hamsini unaweza kumwonea samaki huruma ukampa kipumulio chako. Ndiyo maana hewa ya kina kirefu huchanganywa na gesi ya heliamu, ili akili ibaki nyumbani. Lakini wapo wasiosadiki. Alikuja bwana mmoja mwenye kifua kipana, akajigamba kwamba yeye halewi hata kidogo. Mke wangu akashuka naye mita arobaini kwa hewa ya kawaida, akampa kibao cha kuandikia chini ya maji, na swali moja: andika jina la mkeo. Bwana akaandika upesi, kwa mwandiko mzuri, akarudisha kibao huku akitabasamu. Walipopanda, mkewe alikuwa amekaa karibu yangu. Akakipokea, akasoma. Lo! Jina lilikuwa jina, ila halikuwa lake. Kutoka pale mpaka gatini yule bwana alieleza ulevi wa kina kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumsikia.

Hatari ya pili iko kwenye kupanda. Mwili uliokaa chini ni kama chupa ya soda iliyotikiswa. Ukifungua kizibo kwa pupa, povu linaruka. Basi hupandi moja kwa moja. Unapanda kidogo, unasimama dakika kadhaa ukiwa umeshika kamba, unapanda tena, unasimama tena. Kukaa dakika ishirini kule chini kunadai dakika arobaini na zaidi za kuning'inia kama nguo zilizoanikwa. Na mashua haiwezi kukuvuta hata ungekuwa na shida gani. Kawia ufike, ndiyo dini ya watu hawa.

Ndani ya meli yenyewe kuna mengine: matope laini yanayotimka ukipiga teke moja, usione hata mkono wako, nyaya zinazoning'inia, nyavu za wavuvi zilizokwama, kuta za kutu zinazobomoka. Anayeingia hufunga uzi mlangoni na kuuachilia kidogo kidogo, ili hata akipofuka aushike na kutoka.

Juu ya usukani wangu mke wangu ameandika mwiko mmoja kwa rangi nyekundu: ALIYEGEUKA HAULIZWI. Mtu yeyote akiamua kurudi, awe mgeni wa jana au bingwa, iwe kwa sababu ya hewa, baridi, sikio au ndoto mbaya aliyoota, wote wanarudi naye, na hakuna wa kumwuliza kwa nini mpaka mashua ifungwe gatini. Anasema mtu akiulizwa kwa nini amegeuka, mara ya pili atasita kugeuka ili asiulizwe, na mara ya tatu utawauliza samaki.

Sasa nimlete baba mkwe, maana bila yeye mke wangu angekuwa mwalimu wa hesabu mwenye miguu mikavu.

Mzee huyu alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Miaka arobaini na mitatu iliyopita, meli ikiwa njiani na shehena ya vigae na cherehani, moto ulizuka jikoni. Mabaharia wakapiga maji kwa mipira, wakapiga, wakapiga, mpaka maji ya kuzimia moto yakawa balaa kuliko moto wenyewe. Meli ikalala ubavu, ikazama. Hakufa mtu. Wote walichukuliwa na meli nyingine, na aliyeumia zaidi aliteguka kifundo cha mguu. Lakini hasara lazima iwe na mwenyewe. Moto umeanzia jikoni, na jikoni mpishi ni mmoja. Waliochunguza waliandika kwamba chanzo hakikujulikana. Mtaani walikuwa wameshajua zamani, wakamwita Mpishi wa Meli Nzima.

Mzee alikana tangu siku ile. Jiko lile lilikuwa la mafuta, na upande wake wa kulia kulikuwa na koki kubwa ya shaba. Mpini wa koki ukilala sambamba na bomba, mafuta yanapita. Ukikatiza bomba, yamefungwa. "Niliifunga kwa mkono wangu huu," husema mzee, na mkono anauinua, "kabla sijatoka." Meza yetu imeyasikia maneno hayo mara nyingi kuliko dua ya chakula. Mimi nikiwa mkwe sikuthubutu kumwita lile jina, ila moyoni nililitumia sana, hasa akionja chai yangu na kuuliza kama maji yalichemka.

Mke wangu hakuwa na mzaha na jambo hilo. Alikua akiimbiwa shuleni, "Baba yako kapika meli, kapika meli ikaiva." Wenziwe walishasahau, yeye hakusahau hata siku moja. Akajua kwamba meli iko pale pale ilipolala, jiko limo ndani, na shaba haiozi upesi. Hakuna haja ya shahidi wala hakimu. Mtu mmoja tu afike aangalie mpini umekaaje, basi. Kwa ajili hiyo akiwa na miaka thelathini na mmoja alianza kujifunza kupiga mbizi, mita tano, mita kumi, na sasa ana arobaini na miwili. Wengine huko chini hutafuta kengele za meli na sahani za kaure. Yeye alitaka kuona mpini wa koki.

Mwenzake wa kushuka ni Fundi Baiskeli, mtu mrefu anayetengeneza baiskeli pembeni mwa barabara kuu, na ambaye husema maneno kumi kwa siku, Jumapili manane. Walishashuka kule mara tatu. Mara ya kwanza walizunguka nje tu, wakarudi. Mara ya pili waliingia kwenye ujia na kufunga uzi. Mara ya tatu waliuona mlango wa jiko kwa mbali, geji zikasema basi. Mara zote tatu sikuuliza kitu. Maji ya kule husafika wiki tano tu kwa mwaka, kisha yanakuwa kama chai ya maziwa. Na mzee alikuwa ametimiza sabini na tisa, na daktari wake siku hizi alikuwa akiongea naye kwa upole mno. Hakuna aliyelisema, lakini sote tulijua kwamba kungoja mwakani ni kucheza bahati nasibu.

Asubuhi ya mara ya nne, mzee alitoka chumbani amevaa koti na viatu vya kufunga kamba. "Na mimi nakwenda," akasema.

Tukatazamana. Tangu meli ilipozama hakuwahi kuweka mguu kwenye chombo chochote, hata boti ya kuvukia. Mke wangu hakubishana naye. Alimvisha jaketi la kuokolea, akamwekea la pili miguuni, na la tatu mgongoni kama mto.

Tulipofika, akatupangia kazi kama kawaida yake. "Nahodha," akaniambia, maana kazini mimi si Baba watoto, "tunashuka saa tatu kamili. Dakika ishirini chini. Tukianza kupanda narusha boya la machungwa, utaliona linachomoza. Likija la njano, tuna shida, na unajua la kufanya. Funguo?"

Nikamwonyesha. Funguo ya injini nilikuwa nimeivaa shingoni. Watu wakiwa majini injini haiwashwi, basi funguo inakaa mahali ambapo hata nikisinzia siwezi kuichomeka. Akanipiga kofi dogo begani, akamgeukia baba yake. "Baba, leo nitaiona."

Mzee akafungua mdomo, akaufunga. "Angalia unapokanyaga, mama," akasema. Wakajitupa majini kinyumenyume, yeye na Fundi, na mapovu yakawafuata.

Dakika kumi za kwanza mzee alionja chai yangu, akauliza kama maji yalichemka. Dakika ya kumi na tano akaacha kuuliza. Dakika ya kumi na nane akasimama na kushika ukingo wa mashua.

Dakika ya ishirini ikafika. Boya hakuna.

Dakika ya ishirini na moja. Maji yametulia, yananing'aria tu machoni kwa dharau.

"Saa yako iko sawa?" mzee akauliza.

"Iko sawa, baba."

"Mwite."

"Nitamwitaje, baba?"

Ishirini na mbili. Sijui kama umewahi kuona jinsi dakika moja inavyoweza kukaa ikakutazama. Kichwani mwangu niliyapanga yote kama alivyonifundisha: mtungi wa oksijeni uko chini ya benchi, redio iko kwenye namba yake, hospitali yenye chumba cha kutibu wapiga mbizi ni safari ya saa moja na nusu. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka nikahisi baridi juani. Mzee alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mashua, anaongea na maji. "Arudi tu," alikuwa anasema. "Arudi tu. Sitaki kingine. Arudi tu."

Dakika ya ishirini na nne na nusu, boya likachomoza, la machungwa, limesimama wima. Nilipiga kelele nisiyoijua ilikotoka. Mzee hakupiga kelele. Alikaa chini, akaegemea lile jaketi la tatu, akafunika uso.

Baada ya hapo bado kulikuwa na kungoja, na kwa sababu walichelewa chini, vituo vya kupandia navyo viliongezeka. Mke wangu huandika majedwali mawili, la mambo yakienda sawa na la yakienda kombo, kwa hiyo nilijua kwamba wako pale chini ya boya wameshika kamba, wanasoma la pili. Dakika hamsini na tano. Nilimmiminia mzee chai akainywa yote bila kuihukumu, na hapo nikajua mambo si madogo.

Wakaibuka. Kila mmoja akaweka mkono juu ya kichwa, ndiyo ishara ya kuwa mzima. Niliwavuta, nikawavua mitungi, nikawapa maji ya kunywa, nikamfunika mke wangu taulo mbili. Sikumwuliza kitu. Niliuangalia uso wake tu, na uso uliniambia kwamba hakufika.

Mzee ndiye aliyeuliza. Yale maandishi mekundu yalikuwa mbele ya macho yake, lakini nani atamnyamazisha baba mkwe? "Umeiona?"

"Sijaiona, baba." Akafuta pua kwa taulo. "Kuna wavu wa zamani umeangukia kwenye ujia. Kuupenya tu kumekula hewa. Nimefika mlangoni mwa jiko, geji ikasema basi. Jiko nimeliona, baba! Nimeona kona yake. Koki iko upande wa pili, mita mbili, tatu. Ningeingia kidogo tu ningeiona."

"Ukageuka," mzee akasema.

"Nikageuka. Na kutoka, wavu ule ule ukamnasa Fundi kwenye mitungi. Dakika nne kumkata."

"Nne na nusu," akasema Fundi Baiskeli.

"Lakini sasa tumeukata, baba. Njia ni nyeupe. Wiki ijayo maji bado yatakuwa safi. Narudi, naiona, nakupigia na picha. Tutaichapisha kubwa tuibandike bandarini, wote waione."

"Hapana," mzee akasema. "Usirudi."

"Ni siku moja tu, baba."

"Iko wazi."

Hatukumwelewa. Akarudia, polepole, akitazama sakafu ya mashua. "Koki iko wazi, mama. Mpini umelala na bomba. Sikuifunga."

Maji yalikuwa yakipiga ubavu wa mashua.

"Kulikuwa na mpira redioni," mzee akaendelea. "Redio iko dekini. Niliacha mafuta ya kukaangia juu ya moto nikapanda kusikiliza kipindi cha mwisho. Niliposikia harufu nikashuka mbio, nikafika mlangoni. Moto uko kushoto, koki iko kulia. Hatua tatu. Kufika ningefika, nadhani. Kurudi ndiyo sikuwa na hakika. Na mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi mitano. Nikasimama pale mlangoni, nikaiangalia ile koki, nikageuka, nikakimbia."

Mke wangu alimtazama, maji yanamchuruzika kutoka kwenye nywele. Nilidhani atalia. Badala yake akawaka.

"Miaka kumi na moja, baba!"

"Najua."

"Nimejifunza heliamu!"

"Najua, mama."

"Nimepasuka sikio mara mbili!"

"La kushoto. Nakumbuka. Nilikuchemshia maji."

"Kwa nini hukusema?"

Mzee akahangaika na kifungo cha koti. "Mwanzo niliona aibu. Watu wananiuliza, nikasema nilifunga, likatoka. Neno likishatoka unalilea. Halafu wewe ukaniamini. Uliniamini kwa nguvu sana, mwanangu, nikaona nikikwambia nitakuvunja. Nikajiambia, aende tu, kule ni mbali, hatafika, atachoka. Sikujua kwamba nimezaa mtu asiyechoka. Leo nimekaa hapa zile dakika nne." Akayaonyesha maji kwa kidole. "Ulikuwa kule kwa ajili ya uongo wangu. Nikasema, akirudi tu nasema, hata akinichukia."

Fundi Baiskeli alikuwa anakunja uzi wake kwenye kigurudumu, hatutazami. "Kwa mwoga huenda kicheko," akasema, "kwa shujaa huenda kilio." Kisha akaendelea kukunja. Maneno yake ya siku yalikuwa yamekwisha.

Mke wangu akaangalia maji, akamwangalia baba yake, na nikaona pembe ya mdomo inaanza kumchezacheza. "Mpira wenyewe," akauliza, "nani alishinda?"

"Sijui," mzee akasema. "Sikufika mwisho."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na machozi yakamtoka humo humo, huwezi kujua kipi ni kipi. Akaenda akakaa kando ya mzee, akamfunika na taulo moja kati ya zile mbili. "Nimekukasirikia, ujue," akamwambia. "Nitakukasirikia mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ni mbali," mzee akasema.

"Shukuru. Nilitaka kusema mwisho wa mwezi."

Nikaivua funguo shingoni, nikawasha injini. Mzee akasogea akaja kukaa karibu na usukani, nadhani alitaka kuwa mbali kidogo na macho ya bintiye. Nilimtazama yule mzee mwembamba ndani ya koti lake, na nikafikiria zile hatua tatu. Angezipiga, huenda meli isingezama, na huenda angesifiwa. Au angefia mle ndani, mjane wake akarudi kwao na mimba yake, na mimi nisiyewahi kumjua bintiye ningekuwa nimelala peke yangu miaka kumi na tano, na tochi moja.

"Baba," nikamwambia. "Ahsante."

"Ya nini?"

"Ya kugeuka."

Akaniangalia vizuri kuona kama namtania. Sikuwa namtania hata kidogo. Aliukamata mkono wangu wa kushoto, akaung'ang'ania, na hakuuachia tena, nami nikaendesha mashua kwa mkono mmoja mpaka gatini.